Raha za Uani Mwanzoni mwa Kaskazi: Uainishaji wa Awali

Tasnifu inayojiheshimu huanza na usuli wa tatizo. Tatizo letu ni kwamba wataalamu wameshaainisha ngeli za nomino, aina za vitendawili, makundi ya damu na madaraja ya mishahara, lakini raha anazozipata mtu akiwa uani kwake, mvua za vuli zinapolegea na upepo wa kaskazi unapoanza kusukuma mapazia, zimeachwa zizagae ovyo bila jedwali wala istilahi. Pengo hili la kimaarifa limedumu kwa sababu inayoeleweka: wote waliokuwa na sifa za kuliziba walikuwa wamelala chini ya mwembe.

Tuweke kwanza mipaka ya utafiti. Kijiografia tunashughulika na pwani ya Tanzania, kutoka Tanga hadi Kilwa, pamoja na Unguja na Pemba. Raha za Njombe zinahitaji mtafiti mwenye sweta. Kiwakati, tunashughulika na Desemba na siku chache za pembeni. Kabla ya hapo kuna matope. Baada ya hapo, Januari ikishachanganya, joto si raha tena, ni kesi.

Swali la kimbinu likaja mapema: mtafiti atajuaje kwamba msimu umeingia? Wenzetu wa Ulaya wana njia rahisi. Kwao Juni jua hukataa kuzama, watu wakala chakula cha usiku nje kungali kweupe, na kila mtu akajua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote haifiki hata saa nzima. Saa, basi, haitusaidii. Kalenda nayo haitusaidii, maana vuli haisomi kalenda. Kinachosaidia ni soko. Embe likiwa linauzwa moja moja, bado. Likianza kuuzwa kwa fungu, karibu. Siku jirani anapokuletea ndoo nzima bila kuombwa, kisha akakusihi kwa jina la Mungu ndoo isirudi na embe za kwako, msimu umeingia rasmi na ukusanyaji wa data unaweza kuanza.

Likafuata suala la kigezo. Jaribio la kuziainisha raha kwa milango ya fahamu, ambalo ndilo linalomjia kila msomi mvivu, liliangushwa na tunda moja. Embe linaonekana, linanukia, linashikika, linaonjwa, na likidondoka usiku wa manane juu ya bati linasikika mpaka nyumba ya nne. Kitu kimoja kikiingia katika makundi yote matano, hayo si makundi tena. Kigezo cha gharama nacho hakikufika mbali, kwani karibu raha zote za uani ni bure, isipokuwa ile ya mpira wa maji, ambayo bili yake huja mwisho wa mwezi.

Ndipo tukaangukia kigezo ambacho hata Carl Linnaeus hakukifikiria. Msomi huyo wa Sweden, aliyechapisha Systema Naturae mwaka 1735 na kuupa mwembe jina la Mangifera indica mwaka 1753 bila kukaa chini yake, aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni za maua. Sisi tunawapanga watu kwa kuangalia magoti yao. Raha ya uani, tunadai, hutambulika kwa mkao wa mwili: kuna raha za kulala, za kukaa, za kusimama, za kupanda na za kuinama. Hakuna raha ya kukimbia. Anayekimbia uani anakimbizwa.

Daraja la Walalao ndilo lenye sampuli nyingi na ushirikiano hafifu. Makazi yake ya asili ni mkeka, kitanda cha kamba, au sakafu tupu ya saruji kwenye baraza la upande usiopigwa na jua. Hujitokeza baada ya chakula cha mchana, kwenye saa nane hivi, na hakuna mwanachama wake hata mmoja anayekiri kulala. Wote wanajinyoosha kidogo. Gazeti likifunika uso ni kwa ajili ya inzi, redio ikiendelea kusema ni kwa ajili ya taarifa ya habari.

Ndani ya daraja hili tumebaini spishi mbili zinazofanana mno kwa macho: Mlalaji Halisi na Mlalaji Mwigizaji. Njia ya kuzitenganisha ni nyepesi na haihitaji maabara. Mtafiti asimame mlangoni na atamke kwa sauti ya kawaida neno "dukani". Mlalaji Halisi hatabadilika. Mlalaji Mwigizaji atavuta pumzi kwa nguvu zaidi na pengine kukoroma. Kwa uthibitisho wa pili, mtafiti agonganishe kidogo vikombe vya chai. Matokeo ya jaribio hili hayajawahi kukanushwa.

Kwa nini mtu alale nje na ana chumba? Hapa sayansi iko upande wa mlalaji. Nyumba ya bati iliyochomwa na jua tangu asubuhi huendelea kuwatoa jasho waliomo muda mrefu baada ya adhuhuri, ilhali mwembe haupukutishi majani yake kwa pamoja, kivuli chake ni kizito mwaka mzima, na majani yenyewe hutoa mvuke unaopoza hewa. Na bati hilohilo, jua likianza kuinama, hupoa na kujikaza kwa milio mifupi, ta! ta!, ambayo aliye ndani huisikia kwa hofu na aliye nje huisikia kama saa ya ukutani inayomwambia bado mapema.

Mlalaji anahitaji upepo, na upepo unahitaji kipimo. Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alitunga kipimo cha upepo kilichotegemea kile ambacho upepo unakifanya kwa matanga ya meli. Uani hakuna matanga, lakini kuna kamba ya nguo, na kwenye kamba kuna kanga. Kipimo cha Kanga kina madaraja sita tu, kwa sababu mlalaji hachukui hesabu ndefu. Sifuri: kanga imening'inia wima, maandishi yamekunjamana, hakuna asomaye. Moja: pindo linatikisika. Mbili: kanga inafunguka kiasi cha kusomeka neno la kwanza. Tatu: jina zima linasomeka, na hapo ndipo ulipo upepo wa raha. Nne: jina linasomeka hata na jirani aliyekusudiwa. Tano: kanga iko kwa jirani.

Daraja la Wakaao limeandikwa sana na watalii, kwa hiyo tutalipita kwa haraka. Baraza, kahawa, kashata, bao, drafti ya vifuniko vya soda, na yule mtazamaji mmoja asiyecheza lakini anayejua kila kete ingekwenda wapi. Hayo yanafahamika. Lisilotiliwa maanani ni kwamba kundi hili lina tawi la kulazimishwa, nalo hutokea umeme ukikatika. Nyumba nzima, iliyokuwa imegawanyika vyumbani kwa mujibu wa simu na televisheni, humwagikia uani ndani ya dakika chache. Mkeka unatandikwa. Mtu anakumbuka kisa cha shangazi. Mtoto anauliza ile nyota inayong'aa ni ipi na anapewa majibu matatu tofauti na watu watatu wenye uhakika. Hii ni raha kamili kwa kila kipimo, ila ina sifa moja ya ajabu: washiriki wake wote wanaomba iishe. Mtaa mzima ukipiga ukelele "Umeruuudi!", daraja hili hutoweka kabla mwangwi haujafika barabarani, na mkeka hubaki na bibi peke yake akimalizia kisa kwa faida yake mwenyewe.

Katika Wakaao tumelazimika pia kumweka mnywaji wa dafu, ingawa wapo wanaodai hunywewa kwa kusimama barabarani. Hao wananunua. Sisi tunazungumzia dafu la mnazi wa nyumbani. Mnazi hubeba tunda lake karibu mwaka mzima mpaka liwe nazi kamili. Dafu huanguliwa mapema, kwenye mwezi wa saba hivi, maji yakiwa mengi na nyama ikiwa laini kiasi cha kukwanguliwa kwa kipande kilichobanduliwa kwenye ganda lake lenyewe. Chombo, kinywaji, chakula na kijiko ni kitu kimoja, na hakuna cha kuosha. Tumepitia mafanikio ya wahandisi mbalimbali na hatujaona linalolingana na hilo.

Daraja la Wasimamao lina mwanachama mmoja tu, baba mwenye nyumba mwenye mpira wa maji. Saa kumi na moja jioni huvaa kandambili, hubana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, na kumwagilia miche michache ya bamia kwa muda ambao ungetosha kumwagilia shamba la mpunga. Asidhaniwe anazembea. Mtu aliyesimama na mpira wa maji ndiye mtu pekee nyumbani asiyeulizwa anafanya nini, na kinga hiyo hudumu maadamu maji yanatoka. Bamia zenyewe huota au hazioti kwa sababu nyingine.

Sasa tupande. Daraja la Wapandao lina watoto, na makazi yake ni mwembe, mzambarau na ukuta wa jirani. Raha yake haiko kwenye tunda, kwani tunda lingeweza kuokotwa chini. Raha iko katika kuwaona watu wazima kutokea juu, vichwa vitupu, wakisema mambo wanayodhani hayasikiki. Adui wa daraja hili ni maji moto, yule sisimizi mwekundu wa mitini ambaye wataalamu humwita Oecophylla longinoda. Hashoni kiota chake kwa mate wala udongo. Vibarua wanakusanyika na kuvuta kingo za majani mabichi mpaka zikutane, wenzao wakaleta mabuu wao wadogo wanaotoa nyuzi, wakawapitisha huku na huku kwenye mshono mpaka jani likafungwa. Mpandaji akigusa kiota hicho kwa bega hujifunza asili ya jina "maji moto" bila mwalimu.

Na hapa pana utata wa kinadharia ambao tunauweka mezani. Mdudu huyohuyo anayemteremsha mtoto mtini kwa kasi ndiye anayewawinda wadudu wanaofyonza matunda machanga, na wataalamu wa kilimo wa pwani hii wanamhesabu kuwa mlinzi wa minazi na mikorosho. Anayeizuia raha ndiye aliyeilea. Watafitiwa wetu, waliohojiwa wakiwa bado wanajikung'uta mashati, hawakuupokea utata huu kwa moyo wa kitaaluma.

Chini ya mwembe huo kuna mfumo kamili wa sheria, na inashangaza kwamba vitivo vyetu vya sheria havijautembelea. Embe lililoangushwa kwa jiwe ni la mrushaji, hata likiangukia miguuni pa mwingine. Embe lililoanguka lenyewe ni la aliyeliona kwanza, mradi alisema "langu" kabla ya mwenziwe kuinama. Embe lililoliwa upande mmoja na popo limezua madhehebu mawili: wanaolitupa, na wanaokata ule upande wakaendelea. Watu wazima wanawaamrisha watoto kulitupa, nayo ni haki yao. Lakini tuseme ukweli, popo hubeba embe lililoiva sawasawa, na kama mtafiti angehitaji mshauri wa kuchagua embe, asingempata aliye bora zaidi.

Tumefika kwenye ulaji wenyewe, ambao ndio uliotusumbua kuliko jambo lolote. Embe linaliwa kwa mkao gani? Wamenyaji, wanaotumia kisu, sahani na uma, hulila wamekaa, na hao hatuna la kuwaambia. Lakini Wanyonyaji, ambao ndio wengi na ndio wenye haki, wanafuata hatua zisizobadilika. Wanachagua lililo dogo, lenye nyuzi na maji, viringe kwa mfano, na kuliacha dodo kubwa kwa wenye visu. Wanaliviringisha kati ya viganja, wakilibinya polepole kuanzia kitakoni kwenda juu mpaka ndani kuwe uji na ganda liwe bado zima. Wanang'ata ncha ya kikonyo na kuitema mara moja, kwa sababu mwembe ni ndugu wa mkorosho na utomvu wake huunguza midomo. Kisha wananyonya, wakibinya kwa chini, mpaka ganda lilegee. Halafu hulichana, hulipitisha menoni, na kuishia kwenye kokwa, ambayo hufyonzwa mpaka ibaki na nywele nyeupe zilizosimama. Katika muda wote huo maji yanateremka kwenye kifundo cha mkono, yanafuata mshipa, yanaelekea kiwikoni. Mlaji hana la kufanya ila moja: kupeleka kichwa mbele, kutanua viwiko, kutenga miguu, na kuinamia ardhi. Embe, kwa hiyo, si tunda la kukaa. Ni la Wainamao, na ugunduzi huu umetulazimisha kulitazama upya daraja hilo ambalo tulikuwa tumeliweka mwisho kwa kudhani ni dogo.

Si dogo. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati madaraja mengine yote yako kwenye shuka, mtu ameinama uani na fagio la chelewa. Anakusanya majani ya mwembe yaliyoanguka usiku, kokwa za jana, maganda, vifuniko vya soda vya wacheza drafti. Ananyunyiza maji ili vumbi litulie, na udongo unatoa ile harufu ambayo Mlalaji, atakapoamka, ataisifu kuwa ni ya asili. Fagio linaacha mchangani mistari ya nusu duara inayofuatana mpaka mlangoni. Mlalaji hutandika mkeka juu ya mistari hiyo. Mkaaji huweka kigoda juu yake. Kanga ya kipimo chetu ilifuliwa na mtu aliyeinama. Tulipotafuta miongoni mwa Walalao mmoja aliyeshiriki kufagia mahali alipolala, ukurasa wa matokeo ulibaki mweupe, na tunauchapisha hivyohivyo.

Mhakiki wa haraka ataandika pembeni kwamba hiyo ni kazi, si raha, na tuiondoe kwenye makala. Hatuiondoi. Mwangalie mama mwenye nyumba jua likiwa limeshuka usawa wa ukuta, ameuinamia mwasumini uliopandwa karibu na bomba ambapo maji ya kuogea hutoroka. Anachuma vifumba, si maua yaliyochanua, kwa kuwa asumini hufunguka giza likiingia na iliyokwisha kufunguka imeshatoa nusu ya mali yake. Anavibana kwa kucha, kimoja kimoja, na kuviweka kwenye bakuli lililotandikwa kitambaa kibichi. Vingine vitatungwa uzi, vingine vitaingia kwenye kikuba pamoja na rihani na mkadi. Haharakishi. Mtoto anakuja na swali, anamwona ameinama, anadhani ana kazi, anarudi. Baba mwenye mpira wa maji hupata kinga kwa kujifanya ana shughuli. Huyu anayo shughuli kweli, na ndani ya shughuli hiyo amejificha. Kinadharia hii ndiyo raha pekee ya uani isiyoweza kukatizwa kwa kutumwa, kwani hakuna anayemtuma mtu aliyekwisha kuinama. Tunaipa nafasi ya kwanza katika jedwali zima. Mhusika alipoarifiwa juu ya heshima hiyo aliomba tu mtafiti asogee, amesimama juu ya matembele.

Haitakuwa haki kufunga bila kuwataja waharibifu. Mbu hahitaji utangulizi. Kunguru mweusi mwenye kola ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, inaelezwa ili ale taka, naye tangu hapo amepanua tafsiri ya neno "taka" hadi kujumuisha vifaranga, sabuni na dagaa walioanikwa. Mharibifu wa tatu ni jirani mwenye spika kubwa, ambaye hatukuweza kumwainisha kwa mkao, kwa kuwa akishawasha muziki huondoka nyumbani.

Utafiti huu una upungufu wa sampuli, hasa kwa upande wa embe. Boribo za Unguja, ngowe, na lile liitwalo sikio la punda hazikufika uwandani kwa idadi inayokubalika kitakwimu. Msomaji mwenye mti na moyo wa kusaidia elimu anaombwa alete sampuli zake kabla kaskazi haijakolea. Zije zimeiva, zisizopungua ndoo moja, na zifikishwe baada ya saa kumi, maana kabla ya hapo mtafiti anajinyoosha kidogo. Ndoo haitarudi tupu: asumini zipo.